"Mkubwa anasaidia"

SWALI

Mama wa gazeti, jambo sana. Mi ni fundi wa kushona, niko na kaatelye kadogo mbele ya nyumba hapa Kadutu, Bukavu. Bibi yangu alifariki, sasa inaenda mwaka wa pili, akaniachia batoto batatu, binti wa miaka 11, kijana wa 8 na kadogo ka 6. Mwaka jana niliona ule wa 8 anarudi kutoka masomo kaye (daftari) yake iko mweupe, siku ingine tena mweupe, nikaenda kuangalia mwenyewe, kumbe mu darasa yake batoto ni karibu mia, banne kwa banki moja, mwalimu hata jina yake hajue. Shule za private zinaomba dola na mi dola naionaka tu wakati wa ndoa za bantu. Njo kisha Pasaka nikabatosha bote. Sasa niko nabafundisha miye mwenyewe asubuhi mbele ya kuanza mashini, nilimaliza pedagojia (masomo ya ualimu) kwa hiyo Kifaransa na hesabu haviniogopeshe. Mkubwa anasaidia, kama kliya (mteja) anafika yeye njo anaendelesha bale badogo. Na mangaribi anasaidia kupika. Inatembea muzuri, kadogo kameanza kusoma. Lakini mama mkwe anasema niko naharibu batoto, nibatume kwake Walungu. Nimekosa? Na nitafanya namna gani ili nisichoke, juu niko peke yangu?

Baba wa watatu, Kadutu

JIBU

Papa, pole kwanza kwa mama watoto. Na hongera, kweli, juu wababa wengi wangemaliza hii maneno siku moja kwa kupakiza watoto kwenye gari ya Walungu.

Kuhusu lile darasa sikuite muongo. Tangu masomo ya primeri yawe bure kwa shule za serikali, mwaka wa shule 2019-2020, watoto wengi sana waliingia, na ilikuwa vizuri waingie, wengine walikuwa wanakaa nyumbani juu ya ile primu ya mwalimu tu, pesa wazazi walikuwa wanamlipa. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo mtoto wa kaye nyeupe hajakosa akili, amekosa tu mtu wa kumwangalia, na wewe umemwangalia.

Sasa nitasema kitu usikasirike. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika "mkubwa anasaidia", kisha mbele kidogo tena "anasaidia". Wale wadogo wawili uko unawafundisha, naona. Lakini huyo wa miaka 11, nani anamfundisha? Asubuhi ni mwalimu wakati kliya amefika, na Kadutu kliya hakosi kufika, mangaribi yuko na sufuria, katikati bila shaka anafua na kuteka maji. Kisomo chake kiko saa ngapi? Wewe hujafunga shule ya mtu ila ya huyo binti, na hujafanya kwa ubaya, nyumba yenye mzazi mmoja ndivyo inavyoenda, kazi inatafuta mkono ulio karibu na mara nyingi mkono huo ni wa msichana mkubwa. Nasema hivi juu na mimi nilikuwa mkubwa wa nyumba, najua.

Na yeye ndiye hana muda wa kupoteza. Karatasi ndiyo inaamua hapa kwetu, unajua vizuri kuliko mimi we mwenye pedagojia. Mwisho wa ya sita kuna ENAFEP, mtihani wa kumaliza primeri, ile tuliyozoea kuita TENAFEP, kisha mwisho wa ya nane kuna mtihani wa TENASOSP, kisha Examen d'État, ule wa kumaliza sekondari. Mtoto anaingia ENAFEP kupitia shule iliyomwandikisha, haingii kupitia atelye ya baba yake. Kuna njia ya otodidakti (mtu aliyejisomea mwenyewe) kwa Examen d'État, lakini hiyo ni ya watu wakubwa na ni mbali sana na hapo alipo, usiijengee nyumba leo. Tena Katiba yetu ya Kongo ya 2006, article 43, inasema primeri ni ya lazima, na bure kwa shule za serikali. Kwa hiyo nyumbani iwe daraja, isiwe kijiji.

Nenda kwa direkteri mbele ya Septemba, chukua buletini (ripoti za shule) zote ulizo nazo, sema ukweli kwamba alitoka kisha Pasaka. Wanaweza kumpima na kusema arudie ya tano. Akubali, na wewe ukubali, mwaka mmoja si kitu. Ukiona milango yote imefungwa, uliza kuhusu kituo cha rattrapage (CRS), yaani cha kufidia masomo, pale watoto waliopita umri wanasoma primeri nzima kwa miaka mitatu na wanafika kwenye ENAFEP kama wengine. Na tafuta shule yenye zamu mbili, asubuhi na mchana, ziko nyingi hapa mjini. Akisoma zamu ya mchana, asubuhi anakaa na wewe mezani kama mwanafunzi. MWANAFUNZI, papa. Kliya akifika, kliya angoje dakika 10, au wale wadogo wapewe kitu cha kuandika peke yao.

Huyo wa 8 naye arudi, lakini kwake nyumbani panaweza kufanya kazi kubwa ya kuziba mashimo. Na wewe una darasa bora kuliko wengi, hujui tu. Ile metre yako ya kushonea ni desimali tupu: kiuno 58 na nusu, kitambaa mita 2 na santimetri 40, kata mashati mangapi, itabaki ngapi. Mpe bei ya kitambaa kwa dola, akubadilishie kwa franka kwa bei ya cambiste (mbadilisha pesa) wa siku hiyo. Ukinunua sambaza mwambie ule samaki hakuzaliwa kwenye ziwa letu la Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, kisha mshuke wote mpaka mto Ruzizi muangalie maji yanaenda wapi, jibu ni huko huko Tanganyika. Hiyo ni jiografia na hamjalipa kitu, labda mandazi.

Kadogo ka 6 kasome kwa Kiswahili kwanza. Programu ya serikali yenyewe inataka miaka ya mwanzo ifundishwe kwa lugha ya kitaifa, na kwetu ni Kiswahili. Wazazi wa mjini tunakimbilia Kifaransa, mtoto anaimba "la maison" na hajui imeandikwa wapi.

Simu yako kama ni ya kugusa, weka Kiwix, programu ya kusoma vitabu na kurasa bila intaneti, ni bure. Unapakua mara moja kwa rafiki mwenye wifi halafu inafanya kazi bila mega hata moja, na ndani yake tafuta Vikidia, ni kama Wikipedia lakini imeandikwa kwa watoto wa miaka 8 mpaka 13 kwa Kifaransa rahisi. Umeme ukikatika unasoma mpaka betri iishe, basi.

Kuchoka utachoka, sikudanganyi. Masaa mawili kwa siku yanatosha, usijaribu kufanya shule nzima ya saa sita peke yako na mashini inakungoja. Na Agosti, wakati Kadutu nzima inakuja kushonesha bulu-na-nyeupe ya shule, funga masomo kabisa, hiyo ndiyo pesa yako ya mwaka. Hapo ndipo mama mkwe anaingia. Usigombane naye, yule mama amepoteza mtoto, anaogopa kupoteza na wajukuu. Badala ya watoto kwenda Walungu, mwombe yeye ashuke Bukavu wiki tatu za Agosti, akae jikoni. Utaona atakubali haraka, na binti atapumua.

Halafu kabla hujapima mtoto wa mtu yeyote mwaka huu, mpime huyo wako. Nadhani sketi ya mwaka jana imekuwa fupi.