Kupeleka kontempo kwenye ukumbi wa picha hapa Dodoma: hela, sakafu na maswali ya kuuliza kabla hujasema asante

Dada, nimelisoma swali lako vizuri. Una vijana watano, kipande cha kontempo (dansi ya kisasa) cha dakika arobaini ulichokijenga juu ya nindo, ngoma ya Wagogo, na ukumbi mmoja wa maonyesho ya picha hapa mjini umekujibu kwamba utakupa nafasi bure. Sasa unauliza hela utaipata wapi. Wadau walionitangulia wamekutajia balozi na makampuni ya simu. Sikatai, ila mimi nitaanzia kwingine, kwa sababu nimesimamia maonyesho ya namna hii hapa Dodoma na Dar kwa miaka kadhaa na sijawahi kukwama kwa kukosa ukumbi.

Ukumbi ni rahisi kupewa. Upo, taa zipo, mlinzi analipwa uje usije. Mfadhili naye hupenda kulipia kinachoonekana kwenye picha: bango, fulana, hema, chakula, basi la kubeba watu. Kisichotakiwa na yeyote ni mazoezi. Weka mstari wa mazoezi kwenye andiko lako la kuomba hela uone, ndio wa kwanza kuzungushiwa kalamu nyekundu. Afisa mmoja wa shirika aliniuliza kwa nia njema kabisa, "Kwani hao vijana hawajui kucheza?"

Hapa makao makuu tatizo hilo lina mizizi. Watu wa Dodoma wameizoea ngoma ya kumpokea mgeni rasmi: kikundi kinasimama juani toka asubuhi, kinacheza dakika tano msafara ukiingia, kinapewa soda na posho kidogo, hotuba zinaanza. Kwa mtu aliyezoea hivyo, malipo ya mchezaji ni ya zile dakika tano. Utamwambia dakika arobaini zimekula mwezi mzima wa kazi, atakuona unamtapeli.

Kwa hiyo igawe bajeti mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vyote ambavyo ukumbi unavyo tayari. Viombe kwao kwa maandishi, kimoja kimoja, na uvipe thamani ya shilingi kwenye andiko, ili mfadhili aone kuna mwenzake ameshachangia. Fungu la pili ni fedha taslimu, na hiyo iende kwa wachezaji kabla ya kitu kingine chochote.

Tufanye hesabu ya mfano. Wachezaji 5, mazoezi siku 20, kila mmoja 20,000 kwa siku, hiyo ni 2,000,000. Siku 3 za maonyesho kwa 60,000 kila mmoja ni 900,000. Jumla 2,900,000, na wewe mwenyewe hujajiwekea hata senti, jambo ambalo sikushauri. Angalia lakini: mazoezi ni zaidi ya mara mbili ya maonyesho. Mtu akikwambia upunguze bajeti, mahali rahisi pa kukata ndipo penye kazi yenyewe. Usikubali. Punguza siku za maonyesho, punguza hata idadi ya wachezaji, ila mazoezi yasiguswe.

Sasa huo ukumbi wa bure. Kumbi za picha ulimwenguni zimekuwa zikiingiza dansi kwa muda mrefu, na zinafahamu kwamba jumba la makumbusho si jukwaa. Mtunzi wa dansi Trisha Brown aliwatembeza wachezaji ukutani kwa kamba ndani ya jumba la sanaa la Whitney, New York, mwaka 1971. Mwaka 2015 mtunzi mwingine, Anne Teresa De Keersmaeker, alichukua kazi yake ya jukwaani ya kama saa moja akaitandaza kwa wiki tisa kwenye jumba la WIELS, Brussels, ikichezwa saa zote ambazo jumba liko wazi, watu wakiingia na kutoka. Mwaka huohuo mtunzi Boris Charmatz alilijaza jumba la Tate Modern la London wachezaji kwa siku mbili. Nakutajia hizi kwa sababu ya pesa tu. Jumba la picha hufunguliwa asubuhi hadi jioni na wageni hawaji kwa pamoja, kwa hiyo watakuomba urudie. "Mcheze saa tano, saa nane na saa kumi" ni sentensi fupi kwao. Kwa magoti ya vijana wako ni maonyesho matatu kwa siku, na malipo yabadilike kulingana na hilo. Uliza mapema: mara ngapi kwa siku, wanapumzikia wapi, wanabadilisha nguo wapi, maji na choo viko wapi. Nimewahi kuona wachezaji wakivalia mavazi kwenye stoo ya ndoo na mafagio, mlango haufungi.

Jambo la pili la kuuliza ni sakafu, na hapa nitakaa kidogo.

Kumbi zetu nyingi zina vigae au zege lililosuguliwa. Linang'aa, picha hutoka nzuri, na ni adui wa mchezaji. Sakafu ya dansi inatakiwa kunesa, yaani ipokee kishindo. Zege halipokei kitu, kishindo chote kinarudi kwenye muundi, goti na kiuno. Kipande chako kimetokana na nindo, kina kuruka na kukanyaga, mazoezi ya wiki moja tu juu ya vigae utaanza kusikia "muundi unawaka". Jasho likidondoka kwenye kigae hapo hapo panateleza.

Dawa yake si ya gharama ya kutisha. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene milimita 18. Eneo la futi 24 kwa 32 linakula plaiwudi 24 kwa tabaka moja. Ukiweza tabaka mbili, 48, la juu likivuka maungio ya la chini ili yasifunguke. Chini weka mbao za mbili kwa mbili zikiwa zimewekewa vipande vya mpira kila baada ya hatua, ndipo patanesa. Parafujo zizame kabisa, maana watacheza pekupeku. Usinunue. Zungumza na fundi wa majukwaa ya harusi au muuza mbao umkodi kwa siku hizo, mwambie hutazikata wala kuzipaka rangi. Ukumbi uombe mafundi wao wawili wa kupanga na kupangua, hilo wanaliweza. Sakafu hiyohiyo ipelekwe kwanza mnakofanyia mazoezi, kwa sababu hakuna faida ya kunesa siku tatu baada ya kuumia siku ishirini.

Sauti nayo. Chumba chenye vigae na kuta tupu kinarudisha kila kitu. Ngoma mbili za muheme (ngoma ya akina mama wa Kigogo) humo ndani na hakuna atakayesikia zeze. Tandika mikeka wanapokaa watu, ning'iniza mapazia mazito upande mmoja, na wapiga ngoma waweke kwenye kona iliyo mbali na kazi za kauri.

Hapo ndipo utagombana na mtunza picha, na ana haki yake. Kishindo kinatikisa rafu. Watu sitini wakihema na watano wakitoka jasho, unyevu wa chumba unapanda, na picha za mkaa au za rangi kavu zisizo na kioo hazipendi unyevu wala vumbi. Vumbi letu mnalijua, hasa Juni hadi Septemba upepo ukishika. Pendekeza wewe kabla hajalalamika: umbali wa mita mbili kutoka kazi yoyote, vyungu vihamishwe, miguu ifutwe mlangoni. Ukimpelekea mpango wa sakafu uliochorwa hata kwa mkono ukionyesha umbali huo, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

(Kuna mdau amependekeza mkacheze Kolo, mbele ya michoro ya miambani ya Kondoa. Tafadhali msifanye. Ni urithi wa dunia tangu 2006, vumbi la miguu yenu litatua kwenye michoro, na baadhi ya maeneo yale wenyeji bado wanafanyia matambiko. Nendeni mkaangalie watu wembamba wekundu waliochorwa mle, mrudi na mawazo, mchezee kwingine.)

Swali ambalo hukuuliza ila mtunza picha atakuuliza: kwa nini ichezwe kwake na si kwenye ukumbi wa kawaida? Uwe na jibu. Mtunzi wa dansi Faustin Linyekula wa Kisangani, Kongo, alipoalikwa na jumba la Metropolitan la New York, alikuta stoo kuna sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Akatengeneza kazi kutokana na sanamu hiyo, ikachezwa mlemle 2017. Hakupeleka kipande kilichokwisha kupikwa kwingine akaomba kona. Wewe tafuta kitu kimoja ndani ya maonyesho yao, hata picha moja, ambacho kipande chako kinazungumza nacho. Hilo ndilo linalomfanya mkuu wa ukumbi akutetee kwa bosi wake unapoomba mafundi na saa za ziada.

Haya, hela. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo kupitia benki. Halmashauri nazo zina ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Yote ni mikopo, na mkopo hurudishwa kutokana na mapato. Kontempo kwenye ukumbi wa picha haina mapato ya kurudisha mkopo. Kopa ukitaka kununua spika na taa utakazokodisha kwenye sherehe, usikope kulipa mazoezi. Ruzuku za utamaduni nyingi ziko Dar, kwenye balozi na taasisi kama Goethe-Institut ya Wajerumani na Alliance Française ya Wafaransa. Zamani safari ya kuonana nao ilikuwa siku mbili barabarani, tangu 2024 unapanda treni ya SGR asubuhi na kurudi jioni. Nenda ukaonane nao uso kwa uso kabla ya kutuma andiko. Andiko kutoka Dodoma la mtu wasiyemjua hukaa chini ya rundo.

Kampuni za hapa nazo zipo, lakini mkubaliane mapema nembo itakaa wapi. Mdhamini mmoja alitaka wachezaji wavae fulana zake juu ya mavazi ya onyesho. Tulimpa ukuta wa mlangoni na ukurasa wa nyuma wa kipeperushi, akaridhika. Ukiwatolea ankara ya huduma watakata kodi ya zuio asilimia 5, yaani kwenye milioni tano utapokea 4,750,000. Iingize kwenye hesabu toka mwanzo, isije ikakatwa kwa mchezaji wa tano. Na omba nusu kabla. Kampuni nyingi hulipa baada ya tukio, wakati mwingine baada sana, na vijana wanataka nauli ya daladala leo.

Vibali sitarefusha: kikundi kisajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), ukaonane na afisa utamaduni wa jiji mapema, na kama muziki si wenu fuatilieni hakimiliki.

Umesema unafikiria kuwaita akina mama wa muheme kutoka Chamwino. Wazo zuri sana, na kule utawapata wanaojua, si bure tamasha la muziki wa Cigogo linafanyika Chamwino tangu 2009. Ila usizungumze na kiongozi wa kikundi peke yake. Kaa na mama wote, taja kiasi mbele ya wote, na kiwe sawa na cha vijana wako, siku ya mazoezi na siku ya onyesho. Muheme ilihusiana na unyago, kwa hiyo waulize wao ni nyimbo zipi zinaweza kuimbwa mbele ya watu mchanganyiko na zipi haziwezi. Wakisema huu hapana, usiwabembeleze. Usafiri wao wa kurudi usiku ulipie gari zima, wasiachwe stendi na ngoma zao.

Kuhusu tarehe, epuka Aprili hadi Juni. Bunge la bajeti likiwa mjini vyumba vya kulala wageni hupanda bei au havipatikani, na kama unaleta fundi wa taa kutoka Dar utalia. Agosti mwanzoni watu wote wako Nzuguni, Nanenane. Mimi ningechagua katikati ya Novemba: wanachuo wa UDOM wamerudi, mvua bado haijakolea, na mkutano wa Bunge wa kipindi hicho ni mfupi. Onyesho liwe saa kumi na nusu. Watumishi wanatoka saa tisa na nusu, na ukiwaacha wafike nyumbani Nkuhungu au Ilazo hawatarudi tena mjini kwa ajili ya dansi wasiyoijua. Ukishapata barua ya ukumbi yenye orodha ya wanachotoa, iweke hapa ukifuta jina lao, tutaipitia pamoja kabla hujaisaini.