Anza na Hadithi ya Nane

Msomaji ameniletea swali. Ana hadithi fupi tatu za majini, zote katika mji mmoja wa pwani na mhusika mkuu yuleyule, lakini akizisoma mfululizo anaona haziendi popote. Nimjibu hapa, maana wenye tatizo hilo ni wengi.

Mhusika mmoja na mji mmoja havifanyi msuko mkuu, yaani kisa kimoja kinachopita katika hadithi zote. Hadithi za Conan, shujaa aliyebuniwa na mwandishi Robert E. Howard, zilianza kuchapishwa katika jarida la Weird Tales Desemba 1932. Katika ya kwanza Conan ni mfalme tayari. Katika ile ya Machi 1933 ni kijana mwizi. Unaweza kuanzia popote, na hakuna ubaya. Ila ukitaka msomaji angoje hadithi ya mwisho, lazima kuwe na jambo linalobadilika katika kila hadithi na lisilorudi lilivyokuwa.

Tuchukue mji unaohamwa na bahari, katika mfululizo wa hadithi nane. Katika hadithi ya kwanza maji yanapwa na mvuvi anaona mwamba asioujua. Ya tatu, jahazi linakwama gatini. Ya tano, watu wanalima mtama palipotiwa nanga. Ya nane, mtu anatembea kwa miguu hadi kisiwani. Swali ni moja: nani aliyatoa maji, na kwa nini?

Andika jibu kabla ya kitu kingine chochote, nusu ukurasa tu. Tuseme bibi yake mhusika mkuu, mlinzi wa mzimu wa bahari, aliyaweka maji rehani kwa jini ili mwanawe apone. Sasa rudi nyuma ujiulize msomaji anapaswa kujua nini tayari ili akifika hapo aamini. Mambo matatu: majini wa mji huu hufunga mikataba, deni lao hurithiwa, na jini hachukui ila kile ambacho mdaiwa ana haki nacho. Kila jambo lipe hadithi yake, na humo liwe ndilo tatizo lenyewe. La urithi, kwa mfano: muadhini anafariki, na jini anakuja kudai sauti ya kijana wake. Hadithi mbili baadaye, ligusie tena kama kitu cha kawaida ambacho kila mtu sokoni anakijua. Likitajwa mara moja tu, tena kwa maelezo, msomaji atakuwa amelisahau, na mwisho wako ataona umeuokota njiani.

Sheria ya uchawi usiiongeze baada ya hadithi ya nne. Wengi huanza na jini anayeiba sauti, wakafika ya sita ameiba jua. Hapo hakuna hatari tena, kwa sababu hakuna mpaka.

Kuhusu kipimo: hadithi ikiwa na maneno 3,000, msuko mkuu upewe kama 300 katika mbili za kwanza, usizidi 800 katika nne za kati, kisha uchukue zote mbili za mwisho. Ukizidisha mapema, hadithi ya pili inageuka sura ya riwaya: haina mwanzo wake wala mwisho wake. Mpe mtu hadithi ya nne peke yake. Akiuliza "huyu ni nani?" zaidi ya mara moja, ipunguze. Akiuliza "bahari ikawaje?", umepatia.

Muhtasari wa yaliyopita usizidi sentensi mbili, na uutie mdomoni mwa mtu anayekosea. Muuza kahawa akisimulia kisa cha mwamba vibaya, mgeni anapata habari na msomaji wa zamani anacheka.

Weka daftari la safu nne: tarehe, maji yamefika wapi, nani anajua nini, ahadi gani iko wazi. Safu ya tatu ndiyo inayookoa watu. Bila hiyo, mhusika huambiwa siri katika hadithi ya tatu kisha akaishangaa katika ya sita. Tarehe nazo zifuate mwezi. Bamvua (maji kujaa na kupwa kuliko kawaida) huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani kila majuma mawili hivi, na katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Ukiweka bamvua mbili ndani ya juma moja, mvuvi yeyote wa Tanga atafunga kitabu.

Na jamani, acheni ramani! Mtu anachora koo za majini vizazi saba na hajaandika aya hata moja. Chora njia atakayopita mhusika wiki hii, basi.

Ukishapanga, andika ya kwanza, kisha rasimu ya nane, kisha ya nne, ndipo ujaze mapengo. Kama unazitoa moja moja mtandaoni, usianze kabla tatu zinazofuata hazijakamilika, kwa sababu hadithi ya tano karibu kila mara hudai marekebisho katika ya tatu.