Utafiti wa Teknolojia Nje ya Chuo: Fedha Zitatoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana sita wa Mwanza tuliosomea kompyuta na uhandisi. Tunataka kutengeneza mfumo wa kompyuta utakaotambua Kisukuma kinachozungumzwa, lakini hakuna kati yetu aliyeajiriwa na chuo kikuu wala kituo cha utafiti. Je, yuko mfadhili atakayetusikiliza, na tujipange vipi ili kazi isife njiani?

JIBU: Ndugu msomaji, wafadhili wa aina hiyo wapo, lakini wengi wao hutaka kuona kazi iliyokwisha kuanza, na ndiyo maana ningewashauri mtazame jinsi Masakhane ilivyokua kabla hamjaandika ombi lolote. Masakhane ilianza mwaka 2019 kama mtandao wa watafiti wa lugha za Kiafrika waliotawanyika katika nchi nyingi, baadhi yao wakiwa hawana mafunzo rasmi ya fani hiyo, ambao walikutana kwa njia ya intaneti na kutumia uwezo wa kompyuta uliotolewa bure na Google. Aliyejiunga alipata programu ya kuanzia, akaifundisha kutafsiri lugha yake, kisha akaweka matokeo mahali pa wazi. Mwaka 2020 walichapisha makala ya kitaalamu yenye matokeo ya lugha zaidi ya 30 na waandishi zaidi ya 40, na mwaka uliofuata wakatoa data ya kutambua majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha 10, zikiwemo Kiswahili, Kijaluo na Kiganda. Ruzuku kubwa, kama zile za Lacuna Fund, mfuko ulioanzishwa mwaka 2020 kugharimia data za namna hii, zilikuta kazi imekwisha kuonekana.

Jambo moja katika historia hiyo lichukueni kwa uzito. Tafsiri nyingi za mwanzo zilitegemea matini zilizokusanywa kutoka machapisho ya Mashahidi wa Yehova, na baadaye mkusanyiko huo uliondolewa katika hazina ya wazi kwa sababu ya hakimiliki. Ninyi mtarekodi sauti za watu, pengine wazee wa Magu na Kwimba, kwa hiyo ridhaa yao iandikwe tangu mwanzo, ikieleza nani atamiliki rekodi, nani ataruhusiwa kuzitumia na mzungumzaji atalipwa nini. Mfadhili makini ataliuliza hilo kabla ya kuuliza habari za mitambo, na ana haki ya kuuliza.

Ruzuku isipitie akaunti ya mtu binafsi. Sajilini shirika, au ombeni taasisi iliyosajiliwa iwapokelee fedha kwa makubaliano ya maandishi, na waulizeni COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kuhusu kibali cha utafiti.

Hata hivyo, ninachokihofia zaidi kwa kikundi chenu ni uchovu wa watu wanaojitolea usiku baada ya ajira zao. Nchini Marekani, Convergent Research, shirika lililoanzishwa mwaka 2021, huunda vikundi vya utafiti vyenye lengo moja, muda maalumu na watumishi wanaolipwa kufanya kazi hiyo tu, kwa sababu kutengeneza zana na data za kutumiwa na wengine ni kazi ya kila siku ambayo mara nyingi haimpandishi cheo mhadhiri. Ninyi hamhitaji ukubwa huo. Katika bajeti ya kwanza wekeni mshahara wa mtu mmoja atakayesimamia rekodi, ridhaa na ukaguzi wa data kwa mwaka mzima, hata ikibidi mpunguze saa za kurekodi.