Klova ya Kupanda Kwenye Vilima Vikavu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kondoo wangu hulishwa kwenye vilima vinavyokauka kabisa wakati wa kiangazi, na klova nyeupe (mmea wa malisho wa jamii ya mikunde) niliyoipanda imekufa. Je, nichague aina gani?

JIBU: Klova nyeupe hubaki na mizizi ya juujuu pindi mzizi wake mkuu wa awali unapokufa, kwa hiyo miteremko inayopigwa na jua kali haiifai. Ningekushauri upande klova ya chini ya ardhi, ambayo humaliza maisha yake kabla ya ukame, hufukia mbegu zake yenyewe, kisha huota upya mvua zinaporudi.

Pima kwa makini zaidi muda wa kuchanua: mahali ambapo mvua hukatika mapema, aina inayochelewa kuchanua hukauka kabla ya kukomaza mbegu, na mwaka unaofuata malisho huwa haba. Tafadhali epuka aina za zamani zenye formononetini nyingi (kemikali ya mmea inayofanya kazi kama homoni ya kike), kwani hudhuru uzazi wa kondoo majike, na hasara hiyo ni kubwa mno kwa mfugaji. Punguza mifugo wakati klova inachanua, hasa mwaka wa kwanza, ili akiba ya mbegu ijengeke udongoni.