Fimbo ya ethi haichukui nafasi ya waya wa ethi

Katika kazi yangu ya ufundi umeme hapa Ohio, kasoro ninayoikuta mara nyingi kwenye gereji na mabanda yaliyojengwa mbali na nyumba ni ileile: umeme umepitishwa chini ya ardhi kwa laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) peke yake, bila waya wa ethi, yaani waya wa usalama unaoshikamana na vyuma vya mashine, kisha mtu akagongomea ardhini fimbo ya ethi, chuma kirefu, kando ya banda akiamini kwamba sharti limetimia. Halijatimia, na atakayeshika mashine mbovu ndani ya banda hilo anaweza kufa.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme fimbo ina ukinzani wa omu 25, kiwango ambacho kikizidi kwenye fimbo moja, kanuni za umeme za Marekani (NEC) hutaka iongezwe ya pili. Laivu ya volti 120 ikigusa bodi (ganda la chuma) ya mashine, mkondo utakaopita kwenye udongo hautazidi ampea 4.8. Breka (swichi inayojikata mkondo ukizidi) ya ampea 20 huuchukulia huo kuwa mzigo wa kawaida, kwa hiyo haikati, na bodi inabaki na umeme ikimsubiri mtu. Ndiyo sababu kifungu cha 250.4 kinakataza kuihesabu ardhi kuwa njia ya mkondo wa hitilafu. Njia halali ni waya wa ethi unaorudi mpaka paneli kuu, ambako ethi na nyutro zimeunganishwa. Ukinzani wake ni mdogo sana, mkondo hupanda ghafla, na breka hukata papo hapo. Fimbo ina kazi nyingine, hasa wakati wa radi.

Waya huo ulazwe pamoja na laivu na nyutro, ndani ya bomba moja au ndani ya mtaro mmoja zikiwa zimekaribiana, kwa sababu ukitenganishwa nazo mkondo wa hitilafu hupita kwa shida na breka huchelewa. Unene wake hufuata ukubwa wa breka: kwa shaba, breka ya ampea 20 hutaka namba 12, ya ampea 60 namba 10, na ya ampea 100 namba 8 (namba ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi). Ukinenepesha laivu kwa sababu ya umbali, nenepesha na ethi kwa uwiano huohuo. Hili husahaulika mno. Waya wa alumini usiofunikwa usiguse udongo kamwe, maana huliwa na udongo.

Kwenye paneli ya banda, nyutro na ethi zikae mbalimbali, kila moja kwenye baa yake. Zamani iliruhusiwa, kwa masharti, nyutro ifanye kazi zote mbili, lakini tangu toleo la 2008 ufungaji mpya hauruhusiwi hivyo. Zikiunganishwa huko, mkondo wa kila siku wa nyutro utapita pia kwenye waya wa ethi na vyuma vya jengo.

Kuhusu kina, kebo inayozikwa bila bomba hutaka inchi 24, na bomba la PVC inchi 18. Sakiti ya nyumbani ya volti 120 isiyozidi ampea 20, yenye kinga ya GFCI (kifaa kinachokata umeme mara unapovuja), inaruhusiwa inchi 12. Kebo ya ndani ya nyumba, NM-B, hairuhusiwi chini ya ardhi hata ikiwa ndani ya bomba, kwa kuwa bomba lililozikwa huhesabiwa kuwa mahali penye maji.

Ndugu walioko Afrika Mashariki wasinakili vipimo hivi. Huko volti ni nyingine, na mara nyingi usalama hutegemea RCD, kifaa cha aina ya GFCI, kwa hiyo waongozwe na fundi mwenye leseni ya nchi yao.

Kwa walioko huku, pigeni simu 811, namba ya kuonyeshwa nyaya na mabomba yaliyozikwa, siku chache kabla ya kuchimba, ni bure, na ulizeni mji wenu unafuata toleo gani la NEC. Mtaro uachwe wazi mpaka mkaguzi auone, kwa sababu waya wa ethi uliosahaulika huongezwa kwa urahisi kabla udongo haujarudishwa.