Jibu: Medali ya Chicago ya 1893, ya tuzo au ya kumbukumbu?

Ndugu, umeuliza kama medali yako ya shaba yenye Columbus ni ile waliyopewa washindi wa Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893, na kama uisafishe.

Kwanza ipime, kwa kuwa ya tuzo ina kipenyo cha takriban milimita 76, ilhali nyingi zilizouzwa kwa wageni ni ndogo zaidi. Upande wa mbele, kazi ya mchongaji sanamu wa Marekani Augustus Saint-Gaudens, unamwonyesha Columbus akikanyaga nchi kavu. Upande wa nyuma ni wa Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Marekani, kwa sababu mchoro wa Saint-Gaudens wenye kijana aliye uchi ulikataliwa (na kwa maoni yangu, kilichowekwa badala yake ni dhaifu). Kwenye upande huo wa nyuma, sehemu ya chini, tafuta kibao chenye jina la mshindi: herufi zake ziwe zimeinuka, si za kuchongwa baadaye. Ukiwa na kasha lake la alumini, litunze pamoja nayo.

Kuhusu kusafisha, usithubutu. Rangi ile ya kahawia iliyokolea ndiyo wanunuzi wanayoitafuta, na ikishasuguliwa hairudi.