Kuchagua Gitaa la Flamenko Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Magitaa mengi yanayouzwa Mbeya na Iringa yamekusudiwa kwaya na bendi, yana nyuzi za chuma, na mtu anayetaka kupiga flamenko, muziki wa gitaa, uimbaji na uchezaji wa kusini mwa Hispania, hana budi kuyaweka kando. Flamenko hupigwa kwa nyuzi za nailoni. Gitaa lililoundwa kwa nailoni nalo lisifungwe nyuzi za chuma hata kwa kujaribu tu, kwa sababu mvuto wa chuma ni mkubwa zaidi na unaweza kung'oa daraja, yaani kipande cha mbao usoni mwa gitaa kinachofungiwa nyuzi, au kuupinda ubao wa uso. Ukishalijua hilo, kazi inayobaki ni kutafuta gitaa linaloufaa mkono wako.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza aina ya mbao. Gitaa linaloitwa blanca lina mgongo na mbavu za saiprasi, mti ambao jamii yake mojawapo hupandwa huku kwetu kwa ajili ya mbao, na negra hutengenezwa kwa rozwudi, mti wa ukoo mmoja na mpingo. Uso wa yote mawili kwa kawaida ni sprusi. Sauti ya blanca hutoka upesi, ni kavu na hufifia mapema, jambo linalomfaa anayesindikiza mwimbaji na mchezaji, kwa kuwa kila pigo linapaswa kusikika peke yake katikati ya makofi na vishindo vya viatu. Negra ina uzito zaidi na sauti yake hudumu, na Paco de Lucía, mpiga gitaa la flamenko wa Hispania aliyezaliwa Algeciras mwaka 1947, ni miongoni mwa waliozoesha wasikilizaji wa kumbi kubwa sauti hiyo. Anayepiga peke yake nyumbani, au anayetaka gitaa hilohilo limfae pia kwa nyimbo za taratibu, mimi humshauri achukue negra.

Hata hivyo, kwa maoni yangu mbao ni jambo la pili. La kwanza ni kimo cha nyuzi juu ya freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo, na juu ya uso wa gitaa. Chukua rula ya shule, isimamishe kwenye freti ya 12 na upime nafasi iliyo chini ya uzi wa sita, ule mnene kuliko yote: gitaa la klasiki mara nyingi huwa na milimita 4 hivi, la flamenko huwa na 3 au pungufu kidogo. Kisha pima pale darajani, kutoka usoni hadi kwenye nyuzi, ambapo flamenko huwa na milimita 8 hivi na klasiki huzidi 10. Kipimo hiki cha pili ndicho ninachokithamini zaidi, kwa sababu katika golpe kidole kinatakiwa kuugonga uso bila kuvunja mwendo wa mkono, na nyuzi zikiwa juu mno mkono huchoka na mdundo hulegea. Fundi anaweza kuuchonga mfupa wa daraja ili kuzishusha, lakini akifika mwisho wa mfupa hana pa kwenda, kwani pembe ya shingo haibadiliki kirahisi.

Chungulia pia ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mti ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya ukingo, uso ni ubao mzima. Ukiona tabaka zilizopishana, ni plaiwudi. Uhakikishe pia kuna kile kibao chembamba cha plastiki cha kukinga uso dhidi ya kucha.

Unapolinganisha magitaa mawili, yaweke katika chumba kimoja, yakiwa na nyuzi zinazolingana kwa upya, kwa sababu nyuzi zilizochakaa hulifanya gitaa zuri lionekane zito. Piga rasgeado ileile (kufyatua vidole kimoja kimoja juu ya nyuzi zote) kwenye Mi na Fa (E na F), kisha pikado ya haraka (noti moja moja kwa vidole viwili vinavyopokezana), kisha dole gumba peke yake kwenye nyuzi nene. Mkwaruzo kidogo unapopiga kwa nguvu ni wa kawaida katika flamenko; mkwaruzo unaotokea ukipiga polepole ni kasoro. Mwombe mwenzako akupigie nawe ukae mbele, maana sauti ya mbele siyo ile anayoisikia aliyelikumbatia gitaa.

Hali ya hewa yetu inadai subira. Gitaa lililokaa kwenye unyevu wa Dar es Salaam likipandishwa Iringa mwezi wa Agosti hukauka: ubao wa vidole husinyaa na ncha za freti huchomoza pembeni, kiasi kwamba ukiteleza kiganja chini ya shingo unazihisi kama meno ya msumeno. Uso nao huzama kidogo, nyuzi zikashuka na kuanza kukwaruza. Liache litulie kwa siku kadhaa ndani ya kasha lake kabla ya kulitolea uamuzi, na wakati wa kiangazi uweke humo sponji yenye unyevunyevu ndani ya kisanduku kilichotobolewa, isiguse mbao. Anayeishi Tukuyu, ambako mvua ni nyingi, huwa na shida kinyume chake, kwani uso huvimba na nyuzi hupanda.

Ikiwa muuzaji yuko mbali na huna namna ya kulishika gitaa, mwombe picha ya rula ikiwa kwenye freti ya 12, nyingine ikiwa darajani, na rekodi ya simu isiyotiwa mapambo yoyote, ikianza na uzi mmoja mmoja kutoka freti ya kwanza hadi ya 12. Muuzaji asiyekuwa tayari kufanya hivyo, mwache na utafute mwingine.